Hodi Ndani ya Mkono

Katika chumba cha kupimia neva, swali hutangulia na jibu hufuata. Kazi nzima ni hiyo. Unabandika vibandiko viwili juu ya msuli wa kidole gumba, unagusa kifundo cha mkono kwa kijiti chenye umeme mdogo, kidole kinaruka, na kwenye kioo cha mashine unainuka mlima mmoja wa kijani. Kati ya mguso na mlima pana upenyo mwembamba kuliko kope linapopepesa, na upenyo huo ndio unaopimwa. Neva nzima hupeleka habari upesi. Neva mbovu huchelewa kama mjumbe mlevi. Inaweza kuchelewa, inaweza isijibu kabisa. Haiwezi kuwahi.

Neva ya Fundi iliwahi. Mlima uliinuka kwanza, umeme ukafuata.

Mpaka leo hakuna aliyeweza kulieleza jambo hilo. Daktari wa neva, mtu aliyesoma hadi nywele zikamkimbia, alisema mashine ni mbovu. Mtengenezaji wa mashine akaitwa, akaifungua, akakuta mjusi mkavu nyuma ya spika, akasema mashine ni nzima na mjusi hana hatia. Mama Waya, ambaye ndiye aliyekishika kile kijiti, amelifikiria hadi likamlainikia kama mpini wa jembe kuukuu. Maana kama jibu lilikuwamo mkononi kabla yeye hajauliza, basi huenda mgeni naye alishakaribishwa kabla yeye hajafungua mdomo. Akakaribishwa na nani? Hilo amejizuia kumuuliza mumewe, na mumewe amejizuia kulisema.

Jina la Mama Waya alipewa na wagonjwa, kwa sababu ya zile nyaya alizozining'iniza shingoni asubuhi hadi jioni. Alikuwa mpimaji mzuri. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini: kitanda cha plastiki, pazia, mashine juu ya meza yenye magurudumu, na dirisha moja lililotazama getini. Baada ya umeme ilikuja sindano, nyembamba kama unywele, inayoingia kwenye msuli na kusikiliza. "Kama kuumwa na sisimizi tu," alikuwa akiwaambia watu. Kisha maneno yake mawili ya kila siku. "Kaza," na spika ikavuma kama mvua juu ya bati. "Legeza," na spika ikanyamaza.

"Msuli mzima ukilegea hunyamaza," aliwaeleza. "Ukisema peke yake, una shida."

Dirishani alimsikia mlinzi wa getini, mzee mwenye adabu iliyopitiliza, akimuaga kila anayetoka hospitalini: "Karibuni tena!" Watu walimjibu kwa kicheko, "Tukaribie tena? Unatutakia nini, mzee?" Hakuacha. Alisema mgeni anayeondoka bila kukaribishwa tena ni mgeni aliyefukuzwa.

Mume wa Mama Waya alikuwa fundi wa nguo za kike, na duka lake lilipakana ukuta kwa ukuta na nyumba yao. Kutwa nzima alizungusha futi viunoni mwa wanawake, akiwa na pini mdomoni na chaki sikioni, akinung'unika "geuka kidogo, mama, inua mkono." Hakuwahi kupatikana na kosa. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi mkewe, kwa sababu wivu usio na ushahidi hauna pa kukaa. Huzunguka nyumba nzima. Aliujua wivu wake kama mtu anavyokijua kilema chake: hakujisifia nao, wala hakujidanganya kwamba haupo. Alipoingia dukani aliwatazama wateja vifuani kabla ya usoni. Na miaka yote ya ndoa yao yeye alivaa nguo za kununua. Kila alipomkumbusha mumewe gauni aliloahidiwa tangu uchumba, Fundi alicheka.

"Wewe upo, hukimbii. Hawa wateja wanakimbia."

Kisha mkono wa kuume wa Fundi ukaanza kufa. Mkasi ulimponyoka. Uzi ukakataa tundu la sindano. Asubuhi moja alishindwa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kitanda akivitazama vidole vyake kama watoto wa jirani. Daktari akaagiza apimwe neva na misuli.

Hapo hospitalini walikuwa na utaratibu: mpimaji hampimi mtu wake. Mkono unaompenda mgonjwa hausomi vizuri. Siku hiyo zamu ilikuwa ya msichana ambaye wote walimwita Vidole, kwa kuwa alikuwa na vidole virefu vya upole na wagonjwa, hasa wanaume, waliuliza kama yupo. Alikwishaandaa vibandiko. Mama Waya akamtazama akivaa glavu, akaviona akilini vidole vile vikimshika mumewe kiganja, vikigeuza, vikipapasa, naye msichana akisema legeza baba, legeza.

"Huyu nitampima mwenyewe."

"Dada, si tulikubaliana hatupimi ndugu?"

"Tulikubaliana ndugu. Mume si ndugu."

Vidole akacheka, akavua glavu, akatoka.

Ndipo likatokea lile la mlima kutangulia. Mama Waya akazima mashine, akaiwasha. Akabadilisha nyaya. Akajipima mkono wake mwenyewe: swali, jibu, sawasawa. Akarudi kwa Fundi: jibu, swali.

"Vipi?" aliuliza Fundi.

"Una haraka wewe leo. Hata neva zako zina haraka. Ngoja sindano itatuambia."

Akamchoma kwenye nofu la kidole gumba. "Legeza," akasema. Spika ikanyamaza kama inavyotakiwa. Halafu katikati ya ukimya ule, kutoka ndani ya msuli uliolala, ikaja sauti ndogo, kavu, yenye mpangilio.

Ko, ko, ko.

Ikatulia. Ikarudia. Ko, ko, ko.

Walitazamana. Ilikuwa hodi kamili. Ilikosa neno lenyewe tu. Na Mama Waya, aliyelelewa kama sote tulivyolelewa, kwamba hodi haiachwi hewani na mlango haubaki bila jibu, akafanya mzaha ambao ulimi wake uliufanya kabla ya akili.

"Karibu," alisema. "Pita ndani, mlango uko wazi."

Fundi akacheka hadi sindano ikatikisika. "Unamkaribisha nani?"

"Mwenye hodi."

Spika haikugonga tena. Chumbani ikaingia harufu ya kitambaa kipya kilichoungua pasi, kali kidogo, tamu kidogo. Mama Waya aliinua uso kutazama kama kuna waya ulioungua. Hakukuwa na waya ulioungua.

Asubuhi iliyofuata mkono wa Fundi ulikuwa mzima. Alifunga vifungo vyake vyote, akavifungua, akavifunga tena, akicheka kama mtoto. Mkewe alilia kwa furaha jikoni, peke yake, uso wake ndani ya khanga. Wiki ile ilikuwa tamu. Kasoro ilikuwa ndogo mno kiasi cha kuaibisha kuitaja: mkono ule haukumgusa. Fundi alimpa chai kwa mkono wa kushoto. Kitandani aligeuka ili wa kuume uwe upande wa ukuta. Mama Waya alipoushika, aliukuta wa baridi na mzito, na alipouachia aliona vidole vikijipangusa kwenye shuka, kimoja kimoja.

"Unanionea kinyaa siku hizi?"

"Mimi? Mke wangu, nimefanya nini?"

Siku ya kufagia duka ndipo alipoliona gauni. Lilikuwa nyuma ya mlango, chini ya mashati ya watu, kitambaa cha rangi ya zambarau ambacho hakukumbuka kukiona kikiingia. Mshono wake ulimkata pumzi. Fundi hakuwahi kushona vile, hata kwa bibi harusi. Kifua kilikuwa kimepimwa na mtu anayekijua. Kiuno kilikuwa chembamba. Si chake yeye, na wala si cha mteja yeyote aliyewahi kumkagua kwa jicho lake lile.

"Nguo ya nani hii?"

Fundi aliitazama. "Sijui."

"Fundi hajui nguo anayoishona?"

"Vipimo vinanijia mkononi. Nashtuka nimeshakata." Akashusha sauti. "Usipige kelele. Nikiitaja, mkono unauma."

"Mkono unauma au roho inakusuta? Niambie jina lake tu. Jina tu, mimi sitagombana naye, nataka nijue ninaibiwa na nani!"

Hakupata jina. Akampa kimya cha siku tatu, na ndani ya kimya hicho akalipekua gauni kila alipopata nafasi, akilipima kwa futi ya mumewe kama anavyopima neva, mshono kwa mshono, akitafuta mwanamke. Na mwanamke alizidi kuonekana. Ila kila mara alikuwa amerefuka. Mikono ya gauni, iliyokuwa ikifika vidoleni, siku ya pili ilipita magoti. Mgongoni palikuwa na mikato ya kifua sawa na ya mbele. Shingo ilikuwa ndefu kama ya kanzu iliyovaliwa kichwa chini. Mama Waya aliiweka futi sakafuni, akakaa, na kwa mara ya kwanza alitamani, kwa moyo wake wote, kwamba mumewe awe na mwanamke wa kawaida tu, mwenye nyumba, mwenye jina na visigino vilivyopasuka.

Siku ya nne alirudi nyumbani mchana, jua la utosi, saa ile ambayo mtaa mzima umeegesha milango na hata mbwa hawana neno. Duka lilikuwa limefungwa. Ndani cherehani ilikuwa inalia. Alizunguka kwa mlango wa uani, akavua viatu, akasukuma ubao polepole, harufu ya kitambaa kilichoungua ikampokea mlangoni kama mwenye nyumba, na akamwona mumewe amelala, amelala kweli, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mkono wa kushoto umetulia mapajani na miguu yote miwili imenyooka mbali na pedali, lakini pedali ilikuwa inapanda na kushuka, na mkono wa kuume ulikuwa macho peke yake, unasogeza kitambaa cha zambarau chini ya sindano kwa upole ambao yeye hajawahi kufanyiwa, unakisawazisha, unakipapasa, unarudi nyuma kufumua pindo na kulishona upya na kulifumua tena, na alipovuta pumzi, pumzi moja tu, mkono ulisimama, ukajiinua kutoka kwenye kitambaa, ukageuka kwenye kifundo hadi kiganja kikamwelekea yeye mlangoni, na ukabaki hivyo, ukimtazama.

Alikimbia bila viatu.

Usiku ule alilala upande wa mlango. Karibu na alfajiri alihisi ubaridi shingoni, utepe mwembamba ukizungushwa polepole kwa ustadi, kama mtu anayepima kola. Ulikazwa kidogo. Ukalegezwa. Ukakazwa zaidi. Alifumbua macho: ilikuwa futi ya mumewe, na Fundi alikuwa amelala fofofo, machozi yakimtoka usingizini.

Aliyeitwa ni shangazi yake Fundi, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, ambaye aliwahi kuzalisha mtaa mzima na bado aliwaita wazee wa mtaa huo "mwanangu yule aliyetanguliza miguu." Alikuja na mkoba mmoja. Aliukagua mkono wa Fundi bila kuugusa, akalinusa gauni, akakaa na Mama Waya uani.

"Shangazi, wewe unayaweza mambo haya?"

"Mimi kazi yangu yote ilikuwa kutoa watu ndani ya watu. Huyu hana kichwa cha kushika, lakini tutaona." Alichezea ncha ya mtandio wake. "Aliingia kwa nguvu au alikaribishwa?"

Mama Waya alishindwa kumtazama. "Alipiga hodi kwenye mashine. Mimi nikasema karibu. Ilikuwa mzaha, Shangazi."

"Mzaha ni wako. Yeye alisikia karibu."

"Lakini pengine alikuwamo kabla! Jibu lilitangulia. Pengine ni yeye mwenyewe Fundi aliye—"

"Pengine," mzee alimkatiza, bila ukali. "Na ukijua, utafanya nini na kujua huko? Utaongezea kwenye rundo." Akaushika mkono wake, akaukuta umefumba ngumi. Akaitazama ngumi ile. "Mkaza mwanangu, wewe ni mkaza mwanangu kwa jina, lakini si lazima ukaze hivi. Umemshika huyu bwana tangu siku ya kwanza utadhani ni kuku anataka kuruka. Mgeni naye amejishikiza hapo hapo uliposhika wewe. Mkivutana, mtu anakatika."

"Kwa hiyo nimwachie jini mume wangu?"

"Nimesema hivyo? Mgeni aliyekaribishwa hatupwi nje. Anapewa kilichomleta, anaagwa, anasindikizwa. Kinachotakiwa tumuulize ni kilichomleta. Na mdomo wake uko kwenye mashine yako."

Walikwenda Jumapili alasiri, korido ikiwa tupu na mvua ikijikusanya. Vidole alikuwa zamu. Aliwapa ufunguo, akamwona Fundi alivyokonda, akasema "pole, kaka," akaenda kukaa mbali bila kuuliza. Mama Waya alilipokea lile "pole" kama mwiba, kisha akaona aibu.

Shangazi aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, gauni la zambarau mapajani. Fundi akalala. Mkewe akampangusa nofu la kidole gumba, akachoma.

"Kama kuumwa na sisimizi," alisema kwa mazoea. "Legeza."

Fundi alilegeza. Spika haikunyamaza. Ilianza mvua ya mbali, mvua ya bati, ingawa dirishani mvua yenyewe ilikuwa bado, nayo ikakaribia, ikawa pumzi, pumzi ya mtu aliyepanda ngazi nyingi, na ndani ya pumzi ikajikusanya sauti, sauti ya mwanamke, na Mama Waya aliitambua kabla haijamaliza neno la kwanza kwa sababu ilikuwa yake, sauti yake ya kazini, ile ya upole anayowasemea watu wanaoogopa.

"Legeza, mama," ilisema spika. "Itauma kidogo tu. Legeza."

Mama Waya alimgeukia mzee. "Shangazi..."

"Umesikia. Anakuomba kile kile unachowaomba watu kila siku." Mzee akaigeukia mashine kama alivyokuwa akimgeukia mzazi mkaidi mwenye uchungu. "Haya, bibi wewe. Umekaa, umekula mkono wa watu, umetaka kumnyonga mwenye nyumba kwa futi. Umefuata nini?"

Mvua ya spika ikapanda, ikashuka. "Hajawahi mtu kunipima," ilisema. "Nasimama nje ya madirisha ya mafundi. Wote wanapimwa. Geuka kidogo, mama. Inua mkono. Mimi hajawahi mtu kunipima."

Shangazi alilikunjua gauni. "Mbona alishakushonea?"

"Halina pindo. Nikilishona linafumuka."

"Ndiyo. Aliyeshona alikuwa usingizini. Nguo isiyo na mtoaji haimaliziki." Akamnyooshea Mama Waya sindano na uzi. "Lipinde wewe. Kisha umpe kwa mdomo wako, umsifie, kama mwanamke anavyomsifia mwenzake. Umaanishe."

Mama Waya hakuwahi kushona hata kifungo. Mke wa fundi atashona ili iweje? Alikaa ukingoni mwa kitanda, sindano ya mashine ikiwa bado kwenye msuli wa mumewe, na akalipinda gauni lile refu, akijichoma, akilaani kimoyomoyo, pindo likienda upogo kama njia ya mbuzi. Safari hii halikufumuka. Alipokata uzi kwa meno, akasema, "Haya. Vaa. Limekupendeza."

Spika ilicheka, kicheko kifupi kikavu, na vidole vya Fundi vikajikunja kwa nguvu hadi akapiga yowe.

"Hukumaanisha," alinong'ona Shangazi.

"Nitamaanishaje? Amelala na mume wangu!"

"Amelala mkononi mwake. Na wewe je, ulitaka nini miaka yote?"

Mama Waya alilitazama gauni. Alijiona mlangoni pa duka, mkoba mkononi, ametoka kazini, akiwatazama wengine wakiambiwa geuka kidogo, mama. Alijua jinsi mtu anavyosimama akingoja futi isiyomfikia. Alijua mwili unavyojiinua mikono wenyewe, kidogo, bila kuambiwa. Hasira haikumtoka, lakini ilipata mwenzake wa kukaa naye. Alilinyanyua gauni kwa mikono miwili.

"Limekupendeza, dada," alisema. "Hasa hapa kiunoni. Pindo samahani, ndiyo mara yangu ya kwanza."

Fundi alilegea. Spika ikanyamaza kimya kile alichokuwa akikifundisha watu, kimya cha msuli mzima. Na gauni mikononi mwake likawa zito, likawa na joto.

"Msindikize," alisema Shangazi, akiwa tayari ameushika mkono wa Fundi kwa mara ya kwanza. "Usigeuke."

Alitoka na gauni mikononi, akapita korido tupu ambayo hajawahi kuiona ndefu vile, na kando yake, nusu hatua nyuma, kulikuwa na mchakacho wa kitambaa kinachoburutwa sakafuni, ingawa kitambaa chote alikuwa amekibeba yeye, na harufu ya pasi iliyozidi moto ilimtangulia na kumfuata kwa pamoja, na alipopita mlango wa vioo alijilazimisha kutazama miguu yake tu, kwa kuwa kioo kilionyesha zaidi ya alichotaka kujua, na mvua ikaanza, matone makubwa ya kwanza, yakampiga yeye usoni na mabegani na yakapiga kitu kingine hapo kando, juu zaidi ya kichwa chake.

Mlinzi wa getini aliinuka kwa adabu zake. Alimtazama Mama Waya, kisha akatazama pembeni yake, akainua shingo kama mtu anayeongea na mrefu.

"Poleni na mgonjwa," alisema. "Karibuni tena!"

Mama Waya alijing'ata ulimi. Alivuka barabara, akalitundika gauni kwenye ua wa waya pale njia zinapoachana, akasema "kwaheri" bila kutaja kuonana, na alipokuwa anarudi mikono yake ilikuwa miepesi kiasi kwamba hakujua aiweke wapi.

Chumbani Fundi alikuwa amekaa, anafungua na kufunga vidole, mkono dhaifu, wenye joto, wake.

"Mlinzi alisemaje?" Shangazi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Karibuni tena."

"Kwa wingi?"

"Kwa wingi."

Mzee alijifuta uso kwa mtandio. Hakumlaumu mtu. Adabu nayo ni mlango, alisema, na hatuwezi kuwafundisha watu kukosa adabu.

Wiki iliyofuata Fundi alimwita mkewe dukani, mbele ya wateja. "Njoo nikupime." Mkono ulikuwa bado unatetemeka, futi ilimwanguka mara mbili. Alipoinyoosha kuelekea shingoni, Mama Waya aliruka hatua nzima.

"Anzia kiunoni," alisema, na wote wawili wakacheka kwa namna ambayo wateja hawakuielewa.

Iliamuliwa kati yao watatu, Shangazi akiwamo, kwamba mkono upimwe tena ili ijulikane, na kwamba Mama Waya asiushike. Mlango uliofunguliwa kwa wivu usifungwe kwa wivu. Vidole ndiye aliyepima. Mama Waya aliketi ndani ya chumba, kando ya mlango, ameikalia mikono yake. Alimwona msichana akimshika mumewe kiganja, akageuza, akapapasa. "Legeza, baba," alisema Vidole. Ilimuuma, kidogo, kama sisimizi. Umeme uligusa, mlima ukainuka. Swali, jibu. Sindano ikaingia, spika ikanyamaza.

"Mkono mzima huu!" Vidole alisema kwa furaha, akiitoa sindano na kuizima mashine. "Unapona, kaka."

Na mlango wa korido ukagongwa. Ko, ko, ko.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamke, tamu, ikitokea juu kabisa, karibu na kizingiti cha juu cha mlango. Chini ya ubao ikapenya harufu ya kitambaa kilichoungua. Vidole, msichana aliyelelewa vizuri, aligeuka akitabasamu na kufungua mdomo.

Hapo hapakuwa na wa kushauriana naye. Kwamba hodi ile isijibiwe, si siku hiyo wala siku yoyote, liliamuliwa kwa kufumba na kufumbua, na aliyelitekeleza ni Mama Waya: alivuka chumba, akamkumbatia msichana kwa nyuma na kumfunika mdomo kwa kiganja, na vidole vile virefu alivyovichukia mwaka mzima vikamshika kifundo cha mkono, vikakaza, naye akaviacha vikaze, hadi mchakacho wa kitambaa ulipoondoka mlangoni na kuishilia koridoni.